Nani Alale Juu ya Nani

Mume wangu ni mtu wa chini. Simdharau, ndiyo kazi yake. Kwa miaka mingi amekuwa akishuka mgodini kule Bulyanhulu, mahali ambapo mchana na usiku ni kitu kimoja, na kila akirudi nyumbani Kahama kwa mapumziko huketi kwanza uani akaitazama mbingu, kama mtu anayehakikisha kwamba haikuuzwa alipokuwa hayupo. Kwa hiyo siku aliponiambia, huku akimega ugali, kwamba sasa anataka nyumba ya ghorofa, ilinipasa nimwelewe. Sikumwelewa. Nilimuuliza kama kuna jiwe limemwangukia kazini.

"Hakuna jiwe," akasema. "Nusu ya maisha yangu watu wamepita juu ya kichwa changu. Ng'ombe wamepita, pikipiki zimepita, harusi za watu zimepita na matarumbeta yao. Na mimi nataka kulala juu."

"Juu ya nani?"

"Juu tu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ila hatukujua. Katika nyumba hakuna anayelala juu tu. Ukiwa juu, kuna mtu yuko chini yako, na ilitupasa tumtaje mtu huyo mapema, kabla ya kumwita dalali.

Mimi nauza mchele sokoni, na muuza mchele ana uadui wake na ngazi. Gunia halipandi ngazi. Mtu ndiye anayelipandisha, na mtu huyo baadaye anakuja kulalamika kiuno. Isitoshe, nimeishi Kahama muda wa kutosha kuujua ugonjwa wa ghorofa. Mchimbaji duara lake likikubali, yaani shimo lake likimpa dhahabu, hanunui kwanza viatu, anamwaga zege. Chini panapigwa rangi ya chungwa, juu panabaki nondo zimesimama zikingoja dhahabu nyingine. Dhahabu nyingine haiji. Mwenye nyumba anaishi chini na familia, juu anafuga kuku. Pale Nyahanga kuna kuku wanaoona mbali kuliko diwani wao.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema kuku hawamhusu.

Wakati huohuo kulikuwa na suala la mama yangu. Mama alikuwa anaishi peke yake kijijini Ushetu, katika nyumba ya tofali mbichi aliyoijenga marehemu baba mwaka ambao tumbaku ilimwendea vizuri. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa umeinama, na mama aliuegemeza gogo, kisha akaanza kuanika nguo kwenye lile gogo, akawa amelimaliza tatizo. Magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Kaka yangu yuko Mpanda anahangaika na mahindi, na kila tukiongea ananikumbusha kwamba mama ni wetu sote, maana yake ni wangu. Nilikuwa nimeshaamua: kabla mvua kubwa hazijaanza, mama awe kwangu. Nilikuwa naota ukuta ule. Nilikuwa nikisikia ngurumo ya mbali sokoni naacha kupima mchele, na wateja wananiuliza kama naumwa.

Nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa ndogo, na udogo wake haukuwa wa vyumba, ulikuwa wa heshima. Kwetu Wasukuma mkwe wa kike na mkwilima, yaani huyo mwanamume aliyemwoa bintiye, hawazoeani. Siku hizi wako waliolegeza. Wanakula meza moja, wanapiga picha pamoja, mpaka wengine wanataniana. Mama yangu hajalegeza kitu. Tangu nilipoolewa hajawahi kukaa chumba kimoja na mume wangu, hajawahi kumpa mkono, hajawahi kumsemesha. Wakikutana njiani yeye anaingia shambani kwa mtu, mume wangu anageukia upande wa pili na kuanza kusoma tangazo, hata kama ni mti. Salamu zao zote zimepitia kwangu. "Mwambie namsalimu." "Anakusalimu, mama." "Mwambie nimepokea." Haya yote wakiwa wametenganishwa na mlango ulio wazi, na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

Siku moja mume wangu alimpigia simu kwa makosa, alikusudia kunipigia mimi. Mama alipoitambua ile sauti hakukata, maana kumkatia mkwilima ni utovu wa adabu. Hakujibu pia. Aliiweka simu juu ya kigoda, akaenda kuchambua maharage mpaka ile simu ilipojichokea yenyewe. Mume wangu alinisimulia kwa fahari. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumheshimu kiasi hicho.

Naye ana sababu ya kuithamini heshima hiyo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado anajifunza kutembea. Alilelewa na mjomba upande wa Geita, mtu mwema, lakini nyumba yenyewe ilikuwa ya wanaume watupu na sufuria moja. Ukimuuliza habari za mama yake anakwambia hana la kusema, kisha anakaa kimya muda mrefu kuliko mtu asiye na la kusema.

Tukaanza kubishana: kununua au kujenga. Yeye alitaka kununua. Alisema kujenga ni kazi ya mtu asiye na kazi, na yeye zege analoliona kazini linamtosha. Mimi nilitaka tujenge. Tulikuwa na kiwanja chetu Nyahanga, na kwa maoni yangu kununua nyumba ni kununua makosa ya mtu mwingine, ilhali ukijenga, makosa angalau ni yako na unajua yalipo. Tulibishana wiki nzima kwa ujumbe wa simu. Akipanda juu kutoka kazini anakuta maneno yangu yamemngojea, anajibu, anashuka tena, na mimi nabaki sokoni nimekasirikia mtu ambaye hapatikani.

Dalali ndiye aliyetukatia shauri. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya stoo yangu ya mchele. Alikuwa na ghorofa lililokamilika, juu na chini, la mtu aliyepata dhahabu, akapata na wake wawili, na sasa anataka kuligawa ghorofa lakini limekataa kugawanyika. Mume wangu alilipenda hata kabla ya kuliona. Nikasema sawa, tutaliona, ila mama aje naye. Alikuwa amekuja mjini kuonyesha magoti hospitali, na nilitaka achague chumba chake mwenyewe, asije akasema nimemtupa stoo.

Ratiba ilipangwa vizuri. Mume wangu angetangulia na dalali, aangalie, aondoke, ndipo mimi na mama tufike. Heshima ingekaa mahali pake. Lakini mume wangu akiwa na nyumba haondoki. Bajaji yetu iliposimama getini, yeye bado alikuwa sebuleni anapapasa kuta. Akaona kanga ya mama. Mlango wa mbele ulikuwa na mama, mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Nilimwona kwa macho yangu akigeuka mara mbili pale katikati, mtu mzima mwenye watoto bweni, kisha akakimbilia njia pekee iliyobaki. Akapanda ngazi, na dalali akamfuata nyuma akidhani ni shauku ya mnunuzi.

Sebule ilikuwa na vigae vinavyong'aa kiasi kwamba mama alisita mlangoni akauliza nani kamwaga maji. Nikamshika mkono, tukapita polepole mpaka kwenye chumba nilichokuwa nimemkusudia. Kilikuwa chumba kizuri, na dirisha lake lilitazama uani mahali ambapo angeweza kupanda mchicha. Mama akaweka kiganja ukutani. Akakipitisha juu, akakipitisha chini.

"Umenyooka," akasema.

Alisema kwa sauti ya mtu anayesifia mtoto wa jirani, lakini mimi namjua. Alikuwa amekipenda. Nilisikia raha mpaka kooni. Nikaanza kumwonyesha kitanda kitakaa wapi, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa, na kwa kitambo kidogo nilikuwa tayari kulinunua lile ghorofa pamoja na dalali wake.

Ndipo tukasikia hatua. Zilikuwa hatua nzito, za mtu aliyezoea buti za kazi, na zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyetu.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni baba watoto."

Mama akasogea pembeni. Zile hatua nazo zikasogea, maana mume wangu alikuwa anatafuta dirisha la kuchungulia kama tumeshaondoka. Mama akarudi upande wa mlango. Hatua zikarudi. Mama akakimbilia kona, nasema akakimbilia, yeye na magoti yake, akajibana pale na kanga amejifunika kichwani kama mtu anayenyeshewa. Na hapo juu tukasikia sauti ya dalali, ya furaha kabisa: "Maji yapo, bosi! Presha ipo! Sikiliza!"

Akavuta maji ya choo.

Bomba la kile choo lilikuwa limeteremshwa kwenye kona ileile. Maji yakashuka na vishindo vyake vyote, yakapita sikioni kwa mama, yakaenda zake. Mama akaliangalia lile bomba kutoka darini mpaka sakafuni.

"Hiki nini?"

"Bomba, mama."

"La nini?"

Nikatazama dirishani. Ana umri wa kutosha kujua.

"Aliyevuta ni nani?"

"Ni dalali. Wallahi ni dalali," nikasema, na sisi ni Wakatoliki.

"Leo ni dalali," mama akasema. "Kesho?"

Akavaa kandambili zake, akatoka. Kwenye bajaji aliangalia barabara mpaka tulipopita soko. Kisha akaniambia kwa Kisukuma, taratibu, kwamba miguu yake ndiyo imezeeka, haya bado anazo. Hawezi kulala mkwilima wake anatembea juu ya kichwa chake. Hawezi kumsikia akiingia msalani. Bora ukuta wake, hata kama umeinama, maana juu yake kuna nyasi na panya tu, na panya hajamwolea binti. Siku iliyofuata akarudi Ushetu.

Nilikasirika, sina sababu ya kuficha. Nilimkasirikia mama kwa haya zake, nikamkasirikia mume wangu kwa ghorofa lake, nikamkasirikia na baba kwa kufa na kuniachia mambo haya. Nilikuwa nimewaza vigae, nimewaza magoti, nimewaza mchicha. Nimezaliwa na kulelewa ndani ya heshima hiyohiyo, na katika kupanga kote huko wazo la nani atakanyaga juu ya kichwa cha mama halikunijia hata mara moja. Nilienda stoo kwangu, nikakaa katikati ya magunia, nikalia mpaka mbeba mizigo akaniuliza kama mchele umepanda bei.

Mume wangu alikuja na ufumbuzi. Wanaume huwa hawakosi.

"Basi mama alale juu, sisi tulale chini."

"Magoti je?"

"Atapanda mara moja tu, asubuhi anashuka, jioni anapanda."

"Hizo ni mara mbili. Na siku anashuka, wewe uko chini, umesikia mtu kwenye ngazi, ukainua macho. Unaona nini?"

Akawaza. Nikaona alipofika, kwa sababu alijifunika uso kwa mikono yote miwili na kusema, "Yesu na Maria."

"Eee. Sasa endelea kupanga."

Dalali alikuwa anapiga simu kila siku. Kuna mteja anatoka Geita, ana fedha kwenye mfuko wa plastiki. Kuna mteja mwingine ni daktari. Kuna mteja mwingine hata hataki kuliona, anataka kulipia tu. Kwa jinsi alivyoyaeleza, ghorofa lile lilikuwa linagombewa na nchi nzima, isipokuwa mwanamke mmoja wa Ushetu. Nami nilikuwa kila jioni nampigia mama nimwombe angalau aje tukae hapohapo tulipopanga, na yeye ananijibu kwamba nyumba ile mume wangu anaitumia kwa kujificha, anaingilia mlango wa nyuma kama mwizi kwenye nyumba anayoilipia, na yeye hawezi kumtesa mtu aliyemlishia binti yake. Ubishi wake ulikuwa na mantiki, ndiyo maana uliniudhi.

Kisha mvua zikaanza. Ukuta ulianguka mchana, mama akiwa kwenye jumuiya anasali rozari. Uliangukia ndani, jikoni, pale anapokaa kuota moto. Aliponipigia alizungumza habari za jogoo. Jogoo wake mwekundu, yule mkubwa, alikuwa jikoni amejikinga na mvua, amekufa, na mama alimlilia kwa kirefu, alivyokuwa anawika kwa wakati, alivyowafukuza mwewe. Habari ya ukuta aliitaja mwishoni, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha. Kwa sasa angelala kwa jirani. Nilipokata simu ndipo nilipokumbuka kwamba kila siku wakati ule mama alikuwa anakaa jikoni na yule jogoo.

Mume wangu alirudi kwa mapumziko siku iliyofuata. Nilimwambia. Alikaa uani, ila safari hii hakutazama mbingu, alitazama chini. Kisha akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuchora kwenye sakafu ya uani, sakafu niliyokuwa nimeisugua asubuhi hiyohiyo.

"Kule chini," akasema, "hatumweki mtu afanye kazi juu ya kichwa cha mwenzake. Haijalishi unampenda au humpendi. Jiwe likidondoka halina adabu. Mmoja anasogezwa pembeni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mama asogezwe pembeni. Juu yake pawe na bati, na Mungu."

Nikaangalia mchoro. Upande mmoja alikuwa amechora vyumba vyetu, na juu yake chumba kimoja, kimoja tu. Upande wa pili alikuwa amechora nyumba ya mama, vyumba viwili na mlango wake, bila kitu juu. Katikati palikuwa na uwazi wa kupita. Ngazi alikuwa ameziweka nje, upande wa mbali kabisa, ili mtu anayepanda asionwe wala asione. Choo chetu kilikuwa chini, mwisho wa kiwanja, mbali na sikio la mtu yeyote. Mtu aliyekuwa anataka ghorofa la kutazamwa na mji mzima alikuwa amelikata mwenyewe kwa mkaa, na sehemu kubwa ameiacha sakafuni.

"Tujenge," akasema. "Ulikuwa sahihi."

Niliyangoja maneno hayo tangu siku ya harusi, na yalipokuja sikuwa na nguvu ya kuyafurahia. Nilimwambia asogeze mguu, anafuta chumba cha mama.

Fundi alipoonyeshwa akacheka kwanza. Kisha akaona hatucheki.

"Ghorofa nusu?"

"Nusu," mume wangu akasema.

"Mkuu, watu watasema hela ziliwaishia njiani."

Kwa mtu wa Kahama hilo ni tusi kubwa kuliko kutukaniwa ukoo. Nilimtazama mume wangu. Alimeza mate, na niliona yakishuka.

"Waseme," akajibu.

Na kweli walisema. Tulianza na upande wa mama, na ukakamilika kabla ya wetu hata kufika kwenye linta. Majirani waliuliza kama ni banda la mbuzi. Zege lilipomwagwa juu ya upande wetu na chumba kile kimoja kikasimama pale pembeni peke yake, wakasema ghorofa limevunjika bega. Bodaboda wakaanza kulitumia kama kituo: nishushe pale kwenye nusu. Fundi aliacha nondo zimechomoza juu ya sehemu iliyobaki wazi, kwa kuwa hakuna fundi wa Kahama anayekubali kukata nondo. Anaona ni sawa na kukata tamaa kwa niaba ya mwenye nyumba. Mume wangu alizitetea zile nondo. Alisema huwezi kujua. Nikamwambia mimi najua.

Mama aliletwa na gari la kukodi pamoja na vyungu vyake, kigoda, na manyoya ya yule jogoo kwenye karatasi. Aliingia chumbani kwake, akasimama katikati, akainua uso akaitazama dari.

"Juu hapa kuna nini?"

"Bati."

"Na juu ya bati?"

"Hakuna kitu, mama."

Akapitisha kiganja ukutani, juu na chini, kama siku ile. Kisha akaomba msumari wa kutundikia rozari, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikapenga kamasi kabla ya kuuleta.

Mume wangu ghorofani mwake hakulala. Ndiyo, baada ya kelele zote zile. Alisema juu kuna upepo mno, na kimya chake si kama kimya cha chini, kina mbwa ndani yake. Alihangaika siku kadhaa, kisha akagundua kwamba anachotaka si chumba. Akawa anachukua mkeka, anautandika nje kwenye lile zege la wazi, kwenye kivuli cha tanki la maji, na akija mapumziko, mwili wake bado uko kwenye zamu za usiku, analala pale mchana kutwa, uso juu, mdomo wazi, na nondo zimemzunguka. Hapo alilala usingizi ambao sijawahi kuuona kwa mtu aliye hai.

Nilikuwa natoka sokoni alasiri moja wakati wingu lilipoinuka. Si wingu la mvua ya kawaida. Lilikuwa jeusi chini na jekundu pembeni, na lilikuwa linakuja na radi zake tayari zimewashwa. Kila mtu wa kwetu anajua radi inavyochagua: ng'ombe aliye peke yake, mti ulio peke yake, mtu aliyesimama na jembe begani. Nilishuka kwenye bodaboda nikakimbia. Nilikuwa nimefika getini nilipomwona mama uani.

Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Alikuwa anagonga nguzo kwa fimbo yake. Akagonga, akasikiliza. Akageuka akaangalia mlango wetu, akaniita mimi, nami nilikuwa getini nimeshika mapafu yangu na sauti haitoki. Hakukuwa na mtu wa kumtuma. Radi ikapiga karibu, upande wa shule, mpaka geti likatetemeka mkononi mwangu. Mama akatupa fimbo. Akaweka mikono mdomoni na kuita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wadogo na fisi yupo karibu na zizi.

"Mwanangu! Mwanangu, shuka! Radi!"

Huko juu mkeka ukakwaruza zege. Kisha ikatoka sauti ya mtu ambaye bado hajajua yuko dunia gani.

"Naam, mama!"

Akashuka. Akashuka zile ngazi mbili mbili, mkeka mkononi, akiwa na bukta tu, bukta yenyewe ya timu, imetoboka. Mama akamwona. Nasema akamwona mzima mzima. Akageukia ukuta na kujifunika kanga mpaka usoni, na mume wangu akampita akiwa amejikunja nyuma ya ule mkeka, wakaingia kila mmoja upande wake, na mvua ikamwagika katikati.

Mvua ilipopungua kidogo, mama aliniita kwenye uwazi wetu wa katikati. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni kwetu, amevaa shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kati yao hapakuwa na hata upana wa chumba.

"Mwambie mwenzio," mama akasema, akinitazama mimi, "asilale tena pale juu kama mjusi. Na zile nondo zikatwe."

"Anasema usilale pale, na nondo zikatwe."

"Mwambie mama nimesikia. Kesho zinakatwa."

"Amesikia, mama. Zinakatwa kesho."

"Nimepokea," mama akasema, akarudi kwenye maharage yake. Tangu siku hiyo hawajasemeshana tena.

Nilipoingia ndani nilimkuta mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, mkeka bado uko miguuni unachuruzika maji. Bati la upande wa mama lilikuwa linapiga kelele na ilibidi asogee karibu ili nimsikie.

"Ulisikia alivyoniita?"

Nilisikia. Mtaa mzima ulisikia. Lakini nikamwambia hapana, radi zilikuwa nyingi, alikuitaje?

Akafungua mdomo aniambie, akashindwa, akageukia ukuta.